Somo la atelye: Akse ya nyuma ya kinga ikikataa kutoka



Siku ya posho iliyopita, kijana mmoja wa darasa la nne alifika kwenye mlango wa atelye akisukuma kinga yake, ile aina ya VTT yenye mipira minene. Mpira wa ndani wa nyuma ulikuwa umetoboka. Kitu kidogo tu, kazi ya nusu saa. Lakini ekru ya upande wa shene ilikataa kabisa kufunguka, na yeye hakutaka kunisumbua, njo maana alikuwa ameita kwanza wenzake wawili. Walitia bomba la chuma juu ya kle, mmoja akapanda na kuruka. Ekru haikufunguka. Akse njo ilikatika, na ile patte ya kadre inayoshika akse ikapindana. Kijana huyo anatoka kilometa 11 kila asubuhi, na siku ya soko kinga ile ile inabeba makala ya mama yake. Leo anatembea kwa miguu, na makala inangoja nyumbani.

Sikumkaripia sana, maana hakuna aliyemfundisha. Kwa hiyo nimeombwa kuandika somo hili.

Tukubaliane kwanza juu ya majina. Akse ni ule mti wa chuma unaopita katikati ya gurudumu. Kitovu ni ile nyumba ya akse, pale rayo zote zinapoanzia. Ndani ya kitovu kuko mabile, yaani vidonge vya chuma vinavyozunguka, na kila upande kone moja inayoyabana. Juu ya kone kuko kontre-ekru ya kuifunga isisogee. Halafu kadre, na nje kabisa rondeli na ile ekru kubwa, ambayo kwa kinga nyingi inataka kle ya 15.

Mtu akisema «akse imekwama», mimi namuuliza: imekwama wapi? Kuna namna tatu, na dawa zake si moja. Inua kinga nyuma, zungusha gurudumu kwa mkono. Kama linazunguka vizuri lakini ekru haitaki, ugonjwa uko kati ya ekru na akse. Kama gurudumu linazunguka kwa shida, linalia, au linazunguka pamoja na akse yake, ugonjwa uko ndani ya kitovu, kwa mabile. Na kama ekru zote mbili zimetoka lakini gurudumu halitaki kuacha kadre, basi akse imeshikana na patte, au matope na kutu vimejaa kati ya rondeli. Hii ya tatu ndiyo nyepesi: mafuta kidogo, pigo dogo la nyundo ya mti upande huu na upande ule, inashuka. Wengi wanapiga nyundo mbele ya kuuliza swali hili.

Turudi kwa ekru, maana njo shida ya kila siku. Mnakumbuka somo la shimi: chuma, maji na oksijeni vikikutana, kutu inazaliwa. Kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba kutu inachukua nafasi zaidi ya mara 2 kuliko chuma kilichoizaa. Katika nafasi ndogo ya meno ya ekru, kutu haina pa kwenda, inasukuma huku na huku na kubana. Ndiyo sababu ekru uliyoifunga kwa mkono mmoja mwaka jana, leo hata watu wawili hawaifungui. Na sisi tunasaidia kutu sana. Siku ya posho mchana nawaona mtoni, mnaingiza kinga nzima ndani ya maji mpaka kwenye kitovu, kiisha mnaianika juani. Inang'aa nje, ndani imekunywa maji.

Sasa, unafungua upande gani? Hapa hata watu wazima wanakosa. Pedale ya kushoto inafunguliwa kinyume cha zote, na kwa hiyo watu wanafikiri ekru ya kushoto ya gurudumu nayo ni kinyume. Hapana. Ekru zote mbili za akse zinafanana. Simama mbele ya ekru, uitazame uso kwa uso: kuizungusha kinyume cha mshale wa saa ni kufungua. Ukihamia upande wa pili, simama tena uso kwa uso, sheria ni ile ile. Nimeona akse nzuri iliyoharibika kwa sababu mtu alikuwa anakaza kwa nguvu zake zote, akiamini anafungua.

Usiguse kle kwanza. Chukua brosi ya chuma au burashi kuukuu ya meno, safisha meno ya akse yanayoonekana nje ya ekru. Matope yale yakibaki, ekru itayakuta njiani na kukwama mara ya pili. Kiisha changanya mafuta ya moteri na petroli ya taa, nusu kwa nusu, kadiri ya kijiko kimoja. Petroli ni nyepesi, inapenya. Mafuta yanabaki ndani kulainisha. Tia matone machache pale ekru inapokutana na akse, na nyuma yake kwenye rondeli. Laza kinga upande ili matone yaingie, yasitiririke chini. Funika ukingo wa gurudumu kwa kitambaa, maana tone moja likifika pale freni inaposhika, utalijua siku ya kushuka mlima. Gonga ekru kwa nyundo ndogo, pole pole, kila ubavu wake, kama mtu anayebisha hodi. Mitikisiko ile inafungua njia ndogo ndani ya kutu. Tia tena mafuta. Uiache mpaka kesho.

Najua neno «kesho» halipendezi. Mtu yuko na haraka, jua linazama. Lakini kwa ekru ya kutu, usiku mmoja wa mafuta unafanya kazi kuliko vijana watatu.

Asubuhi, twaa kle inayokaa sawasawa, isiyocheza. Kle iliyopanuka inakula pembe za ekru, na ekru iliyokuwa duara hakuna tena pa kuishika. Anza kwa kukaza kidogo, kidogo sana, ndipo ufungue. Ile hatua ya kukaza inavunja kutu pasipo kuumiza kitu. Ikisogea robo ya mzunguko, usishangilie na kuendelea mbio: rudisha, tia tone, endelea, rudisha. Na kama unaona akse yenyewe inazunguka pamoja na ekru, simama. Shika ekru ya upande wa pili kwa kle nyingine. Kama ile ya pili imekwisha kutoka, tia pale ekru mbili, uzikaze moja juu ya nyingine mpaka zibanane. Hapo umepata mahali pa kushika akse.

Sasa habari ya bomba. Fizikia: momenti ni nguvu mara urefu wa mkono. Kle ya metre 0,15 na mkono wa niutoni 300 vinatoa niutoni-metre 45, ambayo inatosha kabisa kukaza ekru ya nyuma. Bomba la metre 0,80 na kijana wa kilo 50 aliyesimama mwisho wake: niutoni 500 mara 0,80, yaani 400. Karibu mara 9. Na huyo ni kijana aliyesimama tu, siye anayeruka. Akse yenye unene wa milimetre 10, tena iliyochongwa meno, haiwezi kuvumilia hiyo. Bomba fupi si dhambi, ukilivuta kwa mkono mmoja na kusikiliza. Ukisikia inajipinda kama mpira pasipo kulia, acha. Ekru inayofunguka inalia mara moja, ta!, hiyo ni sauti nzuri.

Mafuta yakishindwa siku mbili, tunaita moto. Chuma kikipata joto kinapanuka. Ekru yenye tundu la milimetre 10 ikipanda nyuzi 200, tundu linaongezeka milimetre 0,024 hivi. Ni kidogo kuliko unywele, lakini inatosha kuvunja kutu. Pangusa kwanza mafuta yote, peleka chupa ya petroli mbali, ondoa upepo katika mpira na uufunike kwa kitambaa chenye maji. Esanse isikaribie kabisa. Mtu anayeosha ekru kwa esanse kiisha kuleta moto hana akili hata ikiwa ana diplome. Pasha fimbo ya chuma katika mbabula mpaka iwe nyekundu, igusishe kwenye ekru tu, dakika moja au mbili. Kisha gusisha mshumaa pale ekru na akse zinapokutana. Nta inayeyuka, inavutwa ndani na joto. Ngoja ipoe kidogo, jaribu kle.

Na ikikataa hata hapo? Basi tunatoa ekru sadaka. Msumeno wa chuma, unakata ubavu wa ekru kufuata urefu wa akse, unaacha kabla ya kugusa meno, unaipasua kwa patasi. Ekru ni ya bei ndogo. Akse inazidi kidogo. Kadre, ninyi wenyewe mnajua.

Ugonjwa wa ndani ya kitovu nitaueleza kwa ufupi, maana unahitaji kuonwa kwa macho. Toa gurudumu, litandikie kitambaa cheupe. Fungua kontre-ekru na kone ya upande wa kushoto tu, ile ya upande wa meno iache mahali pake, hivi akse itarudi na urefu wake ule ule. Kone inataka kle nyembamba. Hesabu mabile: kwa vitovu vingi vya nyuma ni 9 kila upande, yenye milimetre 6,35. Moja likipotea usitie dogo la mbele. Litakaa bure, wenzake wabebe mzigo. Kone yenye vishimo kama uso wa mtu aliyeponea ndui, itupe. Osha vyote kwa petroli, kausha, tia grese ya gari. Si mafuta ya ngazi, tafadhali! Yanaganda kama gundi, tena yakichacha yanakula chuma. Rudisha kone kwa vidole mpaka mchezo uishe, irudishe nyuma kidogo sana, ishike pale na ufunge kontre-ekru. Gurudumu zuri, ukilining'iniza na kuliacha, valvu yake inatafuta chini peke yake.

Neno moja kwa wenye VTT. Nyingi zina akse yenye tundu, na ndani yake ufito mwembamba wenye mkono wa kufungia haraka. Ufito huo nao unashika kutu ndani ya akse: mafuta, siku moja, kisha uupige kwa kipande cha mti, si kwa chuma. Na zile ambazo meno yake yamefungwa kwa nje ya kitovu, mabile ya kulia yanabaki mbali na kadre, akse inapinda kwa mizigo. Shimano walileta mwaka 1978 kitovu kinachosogeza mabile yale karibu na kadre, lakini kinga nyingi za hapa bado ni za namna ya kwanza. Ukibeba makala, angalia akse kila mwezi: zungusha gurudumu ukitazama ncha yake, ikiyumba imepinda.

Kwa kijana wetu, patte tumeinyoosha ndani ya eto na akse nyingine imepatikana kwa kinga iliyokufa nyuma ya bweni. Kazi hiyo tutaimaliza siku ya posho, saa tatu, mbele ya wote wanaotaka kuona. Mwenye ekru iliyokwama alete kinga yake, lakini atie mafuta tangu siku ya tano jioni, na alete kitambaa chake mwenyewe. Vya atelye vimeisha.