Somo: Kabla ya kuhama muji mukubwa

Jamaa ingine inataka kuacha Lubumbashi na kwenda kukaa Kalemie, muji mudogo zaidi, kando ya ziwa Tanganyika. Ni vema? Tupime pande zote mbili.

1. Faida. Mara nyingi nyumba haina bei kali. Samaki ni karibu, na shamba haiko mbali.

2. Hatari. Kalemie, kolera inarudi mara kwa mara. Maji ya ziwa yanaonekana safi, lakini usiyanywe bila kuyachemsha. Tena, wanganga wa magonjwa magumu ni wachache kuliko Lubumbashi.

3. Mugonjwa wa nyumba. Dawa ya kifua kikuu inamezwa mara nyingi miezi 6. Yule anayehama katikati na kuiacha, ugonjwa unaweza kumurudilia, na pengine dawa ile haitauweza tena. Basi, kwanza aombe barua ya kuhamishwa, abebe fishi yake na dawa za kutosha mpaka kufika. Mama mwenye mimba aliyepasuliwa zamani aulize: huko wanapasua wapi?

Maulizo: Kwetu nani anameza dawa kila siku? Huko ataipata wapi? Kama hamujui, musifunge mizigo bado.