Chalbi Hakuendewi na Namba Nusu: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Haya yanamhusu kila dereva, mtafiti na mtalii anayeelekea jangwa la Chalbi, kaunti ya Marsabit, kaskazini mwa Kenya. North Horr, mji ulio ukingoni mwa jangwa hilo, uko latitudo digrii 3 dakika 19 kaskazini, longitudo digrii 37 dakika 4 mashariki. Zishike namba hizo.

FANYA

1. Taja latitudo kwanza, kisha longitudo. Ukizigeuza namba za North Horr, watakaokuja kukuokoa wataelekezwa baharini, katika Mediterania, mbele ya pwani ya Algiers.

2. Taja kaskazini au kusini kila mara, maana ikweta inaikata Kenya. Ukisema kusini, umejihamishia Tanzania, jirani na uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, zaidi ya kilomita 700 kutoka ulipokwama.

3. Andika namba za uendako kwenye karatasi. Nakala moja mwachie mtu unayemwamini, pamoja na saa ya kufika.

4. Uliza joto limepimwa wapi. Kipimo rasmi husomwa kivulini, ndani ya kisanduku kinachopitisha hewa, kati ya mita 1.25 na 2 kutoka ardhini. Mchanga unaoukanyaga juani ni moto kuliko hapo, tena kwa mbali.

5. Ukienda majangwa ya mbali na ikweta, beba nguo nzito. Hewa kavu na anga lisilo na mawingu huliachia joto la ardhi lipotee mara jua likizama. Usiku wa Chalbi unavumilika. Gobi, zaidi ya digrii 40 kaskazini, majira ya baridi hushuka hadi nyuzijoto 40 chini ya sifuri.

USIFANYE

6. Usichanganye dakika na desimali. Digrii moja ina dakika 60, kwa hiyo digrii 3 dakika 19 ni 3.32, wala si 3.19. Kosa hilo ni kilomita 14. Kwa miguu, saa saba mchana, bila maji, hufiki.

7. Usitegemee simu peke yake. Ikizidiwa na joto hujizima, na ramani ambayo hukuipakua mapema haitafunguka pasipo mtandao.

8. Usiamini namba kwa kuwa ni kubwa. Nyuzijoto 58 za Al-Azizia, Libya, za tarehe 13 Septemba 1922, zilihesabiwa rekodi ya dunia hadi 2012, Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilipozifuta: msomaji hakukizoea kifaa. Rekodi inayotambuliwa ni 56.7, Furnace Creek, Death Valley, Marekani, tarehe 10 Julai 1913.

9. Usiingie Chalbi baada ya mvua. Hiyo ni sakafu ya ziwa la kale. Juu utaona gamba kavu la chumvi, chini ni tope linalomeza magurudumu.

10. Usiliache gari ukikwama. Kaa kwenye kivuli chake. Gari huonekana kutoka mbali, mtu haonekani.

Kabla ya kuondoka, msomee mwenzako namba zote kwa sauti, naye azirudie. Zisipolingana, safari haipo.