Kurekodi habari za vita nyumbani

Ukitaka kuhifadhi habari za vita za jamaa yako hapa Muheto, mashariki mwa Kongo, usianze kwa kuuliza nani alishambulia. Mzee atakujibu kwa maneno aliyoyasikia redioni, au atanyamaza. Uliza siku hiyo mlikuwa mmepika nini, nani alibeba mtoto, ng'ombe walibaki kwa nani. Hayo hakuna atakayemfundisha namna ya kuyasema.

Tarehe zinasumbua. Hata tarehe ya kuzaliwa iliyo kwenye kadi ya uchaguzi mara nyingi ni ya kukisia. Tafuta alama: ilikuwa kabla au baada ya watu kuuawa kwenye soko la Ntoto, Walikale, Machi 1993? Nyiragongo ilipolipuka Januari 2002 mlikuwa wapi? Sokoni mlilipa kwa zaire au kwa faranga? Faranga ilirudi mwaka 1998, kwa hiyo swali hilo moja hukata ubishi mwingi.

Kama kwenu kulikuwa na askari, omba kuona vitu kabla ya maneno: karatasi yenye matrikule (namba ya askari), medali, picha iliyofifia. Vipige picha mbele na nyuma. Kisha muulize mkewe peke yake, kwa sababu mume akiwepo yeye ataitikia tu. Tumekwisha kuchelewa kwa wengi. Wapagazi na askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo, waliofika Tabora Septemba 1916 katika vita ya kwanza ya dunia hawasimulii tena. Hata wa vita ya pili ya dunia wamezeeka mno: Albert Kunyuku, aliyetumika Burma katika vita hiyo, alivishwa nishani na Mfalme Philippe wa Ubelgiji mjini Kinshasa Juni 2022 akiwa na miaka 100.

Simu inatosha. Zima mtandao, zima redio, na usirekodi mvua ikipiga mabati. Mwache aseme Kihunde, Kinyarwanda au Kinyanga, lugha yoyote anayolia kwayo; tafsiri itafuata baadaye.

Sehemu ngumu ni usalama, na hapo sina huruma na wenye haraka. Simu hupekuliwa kwenye bariera. Jina la jirani aliyetajwa kuwa muuaji laweza kumwua jirani huyo, au kukuua wewe. Kwa hiyo mpe msimuliaji namba, na orodha ya majina iandikwe kwenye daftari linalokaa nyumba nyingine. Sauti ikishahamia kwenye kadi mbili za memori, zikae kwa watu wawili tofauti, kisha uifute kwenye simu. Usiitume kwenye kundi la WhatsApp, hata la familia. Aliyepelekwa porini na wenye silaha akiwa mtoto, au mama aliyefanyiwa ukatili, asisukumwe: akinyamaza, zima, mzungumze habari za shamba.

Baada ya siku chache mrudie, umsikilizishe alichosema. Atasahihisha jina la mlima, atataka sentensi moja itolewe. Itoe mbele yake.