Njaa Katika Filamu ya Coriolanus: Mtazamo wa Kitui na Makueni

Tanzia ya Shakespeare, Coriolanus, hufunguliwa na raia wa Roma wanaodai nafaka. Katika filamu yake ya mwaka 2011, iliyopigwa Serbia na baadaye kutolewa kwa DVD, Ralph Fiennes amewavisha wanajeshi magwanda ya kisasa na kuwageuza wajumbe kuwa watangazaji wa runinga. Mbinu hii imefaulu. Hata hivyo, ngano ya Menenius kuhusu tumbo na viungo imeachwa. Kwa hadhira ya Kitui na Makueni, ambako mavuno hutegemea zaidi mvua za vuli, pengo hilo si dogo. Katika ngano hiyo wenye maghala hujitetea, naye raia mwenye njaa humkatiza msimulizi na kumhoji. Pasipo majibizano hayo, umma hukaribia kuwa kundi la ghasia tu. Anayeionyesha filamu darasani hana budi kuisomesha ngano hiyo kwanza.