Salio Kwanza: Elimu kwa Umma kuhusu Utapeli wa Simu na Barua Pepe katika Hima, Kasese na Bwera

Utapeli wa simu, yaani hila inayomfanya mtu atoe fedha zake kwa mkono wake mwenyewe huku akiamini anatenda haki, ulipata uwanja mpana nchini Uganda baada ya huduma ya kutuma fedha kwa simu kuanza mwaka 2009, na malalamiko yanayoendelea yanaonyesha kwamba onyo lililotolewa mara nyingi bado halijasikika.

Hila nyingi huchekesha. Barua pepe ya ajira hudai kutoka kiwanda cha saruji ilhali jina la kiwanda limekosewa; nyingine humwahidi mkulima wa kahawa fungu la dhahabu ya jenerali marehemu wa Kongo, ambaye kwa ajabu alimteua mrithi asiyemjua hata jina, kwani barua huanza kwa "Mpendwa Mpokeaji". Kuzicheka kunaruhusiwa, tena ni vyema kuzicheka pamoja na jirani, kwa kuwa tapeli hustawi palipo na siri. Hata hivyo, mwaka 2012 mtafiti wa kampuni ya Microsoft, Cormac Herley, alieleza kwamba upuuzi huo una kazi yake: ni chekeche linalowaondoa mapema wenye shaka, ili tapeli abaki na wachache watakaoamini lolote. Aliyecheka, basi, amechujwa tu, wala hajamshinda mtu.

Hila inayotia hofu zaidi haichekeshi. Ujumbe mfupi huingia ukisema kwamba shilingi 250,000 zimepokewa, kisha mtu hupiga simu kwa sauti ya unyonge, akimwita mpokeaji "mzee wangu" au "mama", akidai amekosea namba na kwamba fedha hizo ni za hospitali. Mwenye huruma hurudisha kile ambacho hakikuingia kamwe, na kinachotoka ni akiba yake. Jina lililo juu ya ujumbe si ushahidi, kwa sababu nalo huweza kughushiwa. Ushahidi ni salio, yaani kiasi kilichomo katika akaunti, ambalo mwenye laini hulitazama mwenyewe kwa *165# akiwa wa MTN au *185# akiwa wa Airtel. Mfanyabiashara wa Bwera anayepokea malipo ya mteja wa Kasindi, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, asikabidhi mzigo kabla ya kutazama salio. Salio litazamwe kwanza, hata mpigaji akilia. Namba ya siri, yaani tarakimu zinazofungua akaunti, haitajwi kwa yeyote, akiwemo anayejiita mfanyakazi wa kampuni.

Serikali imetimiza wajibu wake: usajili wa laini ulianza mwaka 2012, mwaka 2017 ukahakikiwa kwa kitambulisho cha taifa, na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 inaruhusu kifungo cha hadi miaka 15 kwa ulaghai wa kielektroniki. Kwa hiyo uzembe wa mwananchi anayemwazima mgeni laini iliyosajiliwa kwa jina lake hautavumiliwa. Ombi la kurejeshewa fedha hushughulikiwa kwa masharti ya kampuni husika.

Aliyekwisha kutuma fedha apige 100, namba ya huduma kwa wateja ya kampuni yake ya simu, papo hapo, kabla tapeli hajazitoa kwa wakala, kisha aende kituo cha polisi na simu yake, ujumbe ukiwa haujafutwa, hata kama unamwaibisha.