Mgonjwa wa Figo Ale Nini?

Swali hili aliniletea mama mmoja baada ya Misa, akiwa na karatasi ya vipimo vya mumewe mkononi. Alikuwa amekwisha kuwauliza majirani. Wa kwanza alimwambia mzee asiguse ndizi, wa pili akakataza maharage na nyama, wa tatu akasema mzee anywe maji lita 5 kila siku ili figo zioshwe. Kwa wiki 3 yule mzee alikuwa akila uji mtupu. Alikonda, akakosa nguvu hata ya kufika shambani, na tulipompima presha tulikuta 170/100, kwa sababu katika hangaiko hilo la chakula vidonge vyake vya presha vilisahaulika kabatini. Nimeona niwajibu wote kwa pamoja, maana najua wengi mnalo swali hilo hilo.

Kwanza tuzifahamu figo zenyewe. Ziko mbili, kila upande wa uti wa mgongo, chini kidogo ya mbavu, kila moja ukubwa wa ngumi. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo sana vipatavyo milioni 1. Kwa siku moja figo zetu huchuja majimaji ya damu yapatayo lita 180, na karibu yote hurudishwa mwilini; tunachokojoa ni lita 1 hadi 2 tu. Kichujio kikifa, hakioti kingine. Vilivyobaki hubebeshwa kazi ya wenzao, na mzigo huo navyo huviua mapema. Ndiyo maana ugonjwa sugu wa figo huendelea kimya kimya, bila maumivu, kwa miaka mingi.

Hivyo basi, ninaposema chakula husaidia figo, sina maana kwamba hufufua vichujio vilivyokufa. Hakuna mboga, juisi wala mzizi wenye uwezo huo. Chakula na mwenendo mzuri hupunguza mzigo wa vile vilivyobaki, na tofauti yake ni kubwa: mtu anaweza kuishi miaka mingi na figo nusu, akalima na kusomesha watoto, au anaweza kufikia mapema kusafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara 3 kwa wiki, kama saa 4 kila mara. Kupandikiza figo kulianza nchini mwetu mwaka 2017 pale Muhimbili, lakini si kila mgonjwa anafaa au ana ndugu wa kumtolea.

Usianze kujinyima kabla hujapimwa. Kipimo cha damu kiitwacho kreatinini, pamoja na umri na jinsia yako, hutuonyesha uwezo wa figo kuchuja. Ukiwa chini ya 60 kwa zaidi ya miezi 3, huo ni ugonjwa sugu. Ukiwa chini ya 15, figo zimeshindwa. Mkojo nao hupimwa kama una protini, kwa kijiti tu, na hugundua ugonjwa mapema. Utafiti uliofanyika mkoani Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta watu wazima 7 kati ya 100 wana ugonjwa huu, na mjini walikuwa wengi kuliko vijijini. Kati ya wagonjwa hao, ni kama 1 tu kati ya 10 aliyekuwa anajua. Mwenye kisukari, mwenye presha, anayeishi na virusi vya UKIMWI, na mwenye ndugu aliyeugua figo wasisubiri kuvimba miguu ndipo waje.

Sasa tuingie jikoni, na hapo nianze na chumvi, kwa sababu ndiyo inayowahusu karibu wagonjwa wote. Chumvi huvuta maji mwilini na kupandisha presha, na presha hupasua vichujio. Kipimo cha mtu mzima kwa siku nzima kisizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na humo imo chumvi ya mboga, ya supu na ya mkate wa dukani. Wagonjwa wengi huniambia, "Nesi, mimi chumvi nimeacha." Nikiuliza zaidi, naambiwa makande na kiburu vimepikwa kwa magadi. Magadi ni jamaa wa chumvi! Yana sodiamu nyingi, na sodiamu ndiyo tunayoikimbia. Maharage yalowekwe usiku kucha, maji yale yamwagwe, yachemshwe kwa maji mapya. Yatalainika, ingawa kuni zitatumika kidogo zaidi. Wanaopikia maji ya majivu badala ya magadi nao waache, kwani majivu yana potasiamu nyingi, ambayo nitaieleza. Hali kadhalika zile chumvi za dukani zinazoandikwa kwamba sodiamu imepunguzwa: nyingi zimejazwa potasiamu.

Siku za Ijumaa za Kwaresima, tunapoacha nyama, wengi tunageukia samaki wa chumvi. Kwa mgonjwa wa figo hapo tumemtoa kwenye mvua tukampeleka mtoni. Apewe samaki mbichi au yai. Vile vipande vya kuungia supu navyo ni chumvi iliyofinyangwa. Tumia limau, kitunguu, kitunguu saumu, tangawizi na nyanya mbichi. Kwa wiki za kwanza chakula kitaonekana hakina ladha, kisha ulimi utazoea.

Kuhusu nyama na maharage, yaani protini, mgonjwa ambaye hajafikia mashine anahitaji karibu gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mtu wa kilo 60 atahitaji kama gramu 48. Yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe cha maharage yaliyoiva kama gramu 15, kipande cha nyama iliyoiva cha gramu 100 kama 25, na ugali nao una zake. Mtaona kwamba familia nyingi za kwetu hazizidishi. Anayezidisha ni yule wa nyama choma kila jioni. Kumnyima mzee maharage na yai kabisa ni kosa, kwa sababu mwili wenye njaa hula misuli yake wenyewe, na mgonjwa hudhoofika. Mgonjwa wa mashine ndiyo kabisa: yeye huhitaji protini nyingi zaidi.

Ndizi je? Ndizi, parachichi, viazi, machungwa na maji ya madafu vina potasiamu. Figo zikichoka sana, potasiamu hujaa katika damu na inaweza kusimamisha moyo ghafla. Lakini si kila mwenye ugonjwa wa figo imejaa kwake. Damu ndiyo iseme. Kiwango kikiwa cha kawaida, yaani kati ya 3.5 na 5 hivi, hakuna sababu ya kumnyang'anya mtu chakula chake cha tangu utotoni. Kikiwa juu, ndizi na viazi vimenywe, vikatwe vidogo, vichemshwe kwa maji mengi, na maji yamwagwe kabla ya kuunga. Mtori hauna maji ya kumwaga, kwa hiyo huyo auache mpaka damu itulie.

Juu ya maji nina jambo la kuungama. Nikiwa muuguzi kijana nilimwambia baba mmoja mwenye figo dhaifu anywe maji kwa wingi. Alinitii. Alirudi baada ya siku chache amevimba hadi mapajani, hawezi kulala chali, anahema kama aliyekimbia. Dawa za kukojosha zilimwokoa, lakini sura yake ile ninayo hadi leo. Anayekojoa vizuri na hajavimba anywe kwa kiu yake. Aliyevimba apangiwe kiasi na daktari.

Yapo yanayoua figo haraka kuliko chakula. Vidonge vya maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, vinavyouzwa kama karanga, si vya mgonjwa wa figo. Kwa maumivu ya kawaida aulize parasetamoli. Dawa za mizizi za "kusafisha figo" nimeziona zikimaliza kazi ambayo ugonjwa ulikuwa haujaimaliza. Tumbaku iachwe. Presha ishushwe, ikiwezekana chini ya 130/80. Vidonge kama enalaprili na losatani hulinda figo pamoja na kushusha presha, ingawa mjamzito hapewi. Ukipatwa na kuhara au kutapika sana, wahi kituoni uulize kama uvisimamishe siku chache. Kutembea kwa miguu nusu saa, siku 5 kwa wiki, kunasaidia presha na sukari, na sisi wa milimani tusioga kupanda.

Nirudi kwa yule mama. Karatasi yake ilionyesha uwezo wa kuchuja 38 na potasiamu 4.6. Nilimweleza kwamba mzee arudie vidonge vyake leo hii, ale ndizi, maharage kikombe kimoja, yai, mboga za majani na ugali, chumvi ipimwe asubuhi kwa kijiko iwekwe pembeni, na ikiisha imeisha. Baada ya wiki 4 apimwe tena presha na damu.

"Na kiburu cha Jumapili je, nesi?" akauliza.

"Ale, mama. Magadi yabaki kwa mbuzi."