Joto la Usiku wa Kipupwe

Katika miezi ya Juni na Julai, upepo mkavu wa uwanda wa Dodoma unapovuma na nyumba nzima imejigubika mablanketi, huenda mama wa makamo akaamka usiku wa manane, jasho likimtiririka na moyo ukimwenda mbio, akalitupa blanketi lake. Na kulipokucha, kwa kuwa kwetu kila joto la mwili huitwa malaria, akameza dawa pasipo kupima damu. Apime kwanza. Vimelea visipoonekana, na umri wake ukiwa baina ya miaka 45 na 55, na hedhi yake inakuja kwa kurukaruka au imekwisha kukatika, aghalabu hayo ni mageuzi ya kukoma hedhi, ambayo asili yake ni kupungua kwa homoni ya estrojeni.

Somo humfunda mwari habari za kuvunja ungo. Za kukoma hedhi, kwa nadra. Ndiyo maana wengi hudhani taabu hii ni ya miezi michache, ilhali vipindi vya joto hudumu kwa wastani wa miaka 7 hivi, na kwa wengine hupindukia 10. Ukavu wa uke nao, ambao mke huuficha kwa haya hata mume akadhani amechukiwa, mara nyingi huzidi kadiri miaka inavyopita. Subira yasifiwa, ila haimlazimu mtu kukesha miaka yote hiyo na dawa ipo.

Dawa yenye nguvu kupita zote ni homoni yenyewe, na mwenye mji wa mimba hana budi aongezewe projesteroni, kwani estrojeni peke yake huweza kumletea saratani ya ukuta wa mji huo. Aliyepata saratani ya matiti, kiharusi, damu kuganda mishipani au maradhi ya ini amweleze tabibu mapema; zipo dawa zisizo homoni, mathalani baadhi ya zile za sonona, zinazopunguza joto hata kwa asiye na sonona. Ukavu hutulizwa kwa vilainishi, au kwa krimu ya estrojeni atakayoandikiwa. Mlenda ni mboga njema, lakini mifupa, ambayo sasa hudhoofika, yataka pia maziwa na dagaa.

Na damu ikirejea baada ya mwaka mzima bila hedhi, ijapokuwa tone moja, asijidanganye kuwa ujana umemrudia: aende hospitali ya wilaya yake, au ya Rufaa ya Mkoa, au ya Benjamin Mkapa, wiki hiyo hiyo, akachunguzwe mji wa mimba na shingo yake.